Nani Anajibu kwa Niaba ya Newala?

Ukiandika newaladc.go.tz kwenye kompyuta, wewe unasoma kutoka kushoto kwenda kulia, lakini mashine inasoma kinyumenyume. Inaanza na tz, yaani dola. Kisha go, yaani Serikali. Mwisho kabisa ndipo inapofika newaladc, yaani Halmashauri ya Wilaya ya Newala. Kwa Masasi, iliyo chini ya uwanda upande wa magharibi, ni vivyo hivyo: masasidc ni halmashauri ya wilaya, masasitc ni ya mji. Waliobuni utaratibu huu hawakuwahi kuifikiria Newala wala Masasi. Hata hivyo, mtu yeyote aliyesoma historia ya utawala wa kusini mwa Tanzania hawezi kushindwa kuutambua. Ni mamlaka yanayoshuka ngazi kwa ngazi kutoka mbali, na kila ngazi inaifahamu ile tu iliyo chini yake.

Nimeandika makala haya kwa sababu wanafunzi wangu, na hata watumishi wa umma ninaokutana nao, huzichukulia seva za majina kuwa habari ya mafundi. Mimi naona vingine. Nani anatunza daftari ambamo jina la mahali limeandikwa, na nani anaruhusiwa kulisahihisha: hilo ni swali la kisiasa, na katika uwanda wa juu wa Makonde ni swali la zamani kuliko kompyuta.

Tuanze na uzamani huo. Masasi iliingia katika madaftari ya wageni mwaka 1876, pale Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alipotembea kwa miguu kutoka Lindi akiwa na kundi la watumwa waliokombolewa, wakajenga kijiji hapo. Mwaka 1882 kijiji hicho kikavamiwa na Wangoni, na sehemu ya kazi ya misheni ikahamia juu, Newala, kwa kiongozi wa Wayao aliyeitwa Matola. Kwa hiyo katika barua za wamisionari, aliyejibu kwa niaba ya Newala alikuwa Matola. Wamakonde waliokuwa wakiishi katika vijiji vilivyotawanyika vichakani hawakuwa na mtu mmoja wa kuandikiwa barua, na asiyeandikiwa barua mara nyingi huhesabiwa kuwa hayupo.

Hawakuwa naye kwa sababu hawakumhitaji. Mtaalamu wa siasa wa Kimarekani, J. Gus Liebenow, aliyeandika kitabu kizima kuhusu utawala wa kikoloni miongoni mwa Wamakonde, kilichochapishwa mwaka 1971, anaonyesha kwamba madaraka yalikuwa kwa mkulungwa, na mkulungwa alikuwa na eneo lake dogo, chirambo. Ndani ya chirambo hicho alijua nani ni nani, shamba lipi ni la nani, na mgeni gani alikaribishwa na nani. Nje yake hakuwa na neno. Juu ya wakulungwa hapakuwa na mfalme. Ukitaka kujua habari za kijiji cha pili ulielekezwa kwa mkulungwa wa kijiji cha pili, na shauri likaishia hapo.

Mfumo huo uliwasumbua sana wakoloni. Wajerumani walileta ngazi zao za liwali, akida na jumbe. Waingereza, chini ya Gavana Donald Cameron na Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, walizunguka nchi nzima wakitafuta machifu wa kuwatumia, na walipofika mahali pasipo na chifu walilazimika kumtafuta hivyo hivyo. Dola ilihitaji jina moja la kuandika juu ya bahasha. Ikawa kwamba mwenye kujua mambo ya mahali hakuwa na cheo katika daftari, na mwenye cheo katika daftari mara nyingi hakuyajua mambo ya mahali. Naomba msomaji aishike picha hiyo, kwa sababu inarudi.

Mtandao wa kompyuta nao ulianza na daftari moja. Katika miaka ya 1970, mtandao wa utafiti wa Marekani ulioitwa ARPANET ulikuwa na faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa katika taasisi ya utafiti ya SRI huko Menlo Park, California, katika ofisi iliyoongozwa na Elizabeth Feinler. Mashine hazijuani kwa majina, zinajuana kwa namba. Faili hilo ndilo lililosema jina gani ni la namba ipi. Aliyetaka kuongeza kompyuta mpya aliwasiliana na ofisi hiyo, na kompyuta nyingine zote zikachukua nakala mpya. Utaratibu ulifaa watu walipokuwa wachache. Walipoongezeka, nakala zikaanza kupishana, majina yakagongana, na ofisi moja ikawa inasubiriwa na dunia nzima.

Mwaka 1983 Paul Mockapetris, akifanya kazi pamoja na Jon Postel katika Chuo Kikuu cha Southern California, alichapisha utaratibu mbadala ambao, kwa marekebisho ya mwaka 1987, ndio tunaoutumia mpaka leo. Wazo lake kuu ni kwamba asiwepo mtu yeyote mwenye daftari zima. Kila kikoa kitunze daftari lake, na kila ngazi ijue jambo moja tu kuhusu ngazi ya chini: nani wa kuulizwa. Seva za mzizi, ambazo majina yake ni 13 na hupewa herufi kuanzia A hadi M, hazijui Newala iko wapi. Zinajua tu nani wa kuulizwa habari za tz. Huyo wa tz anajua nani wa kuulizwa habari za go.tz, na wa go.tz ndiye anayeelekeza kwenye seva inayotunza daftari la newaladc. Seva hiyo ya mwisho huitwa yenye mamlaka, kwa maana kwamba jibu lake halitokani na kusikia kwa mwingine.

Mkulungwa angeuelewa utaratibu huu bila kufundishwa. Kilichokuwa kigeni kwake ni kile kilele cha juu, mzizi, na swali la nani anaamua kwamba tz ni nchi na kitu kingine si nchi. Postel alilikwepa swali hilo kwa ujanja wa kiungwana. Alichukua orodha ya herufi mbilimbili za nchi iliyokwisha kutengenezwa na shirika la viwango la kimataifa, ISO 3166, na katika waraka wake wa Machi 1994 akaeleza kwamba kazi ya ofisi yake si kuamua kipi ni nchi na kipi si nchi. Ndiyo maana Zanzibar haina herufi zake, na wizara za Serikali ya Mapinduzi hukaa chini ya go.tz: orodha inaitambua Jamhuri ya Muungano tu. Ndiyo maana pia jirani zetu wa Kongo waliwahi kuwa na .zr, ya Zaire. Mobutu alipoanguka Mei 1997 na nchi ikabadilishwa jina, ikaja .cd, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa katika mzizi. Kila anwani iliyokuwa chini yake ikapotea nayo.

Kenya iliandikishwa katika mzizi mwaka 1993. Uganda ilifuata Machi 1995, na .tz ikaandikishwa tarehe 14 Julai 1995. Miezi minne baadaye Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, aliapishwa kuwa Rais. Sisemi kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Nasema tu kwamba wakati mwana wa Masasi anaingia Ikulu, jina la nchi yake kwenye mtandao lilikuwa na umri wa mtoto mchanga, na karibu hakuna kiongozi aliyejua kwamba lipo. Katika miaka hiyo majina ya nchi nyingi za Afrika yalitunzwa na wasomi na wahandisi wachache wa kujitolea, baadhi yao wakiwa nje ya bara. Hatupaswi kuwabeza. Bila wao tusingekuwa na kitu. Lakini daftari la nchi lililotunzwa kwa hisani hubaki kuwa hisani.

Mwaka 2003, Mkapa akiwa bado madarakani, yalifanyika mambo mawili: Sera ya Taifa ya TEHAMA ilitolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikaundwa kwa sheria. Mwaka 2006 TCRA na chama cha watoa huduma za intaneti, TISPA, walianzisha kituo cha kutunza majina ya nchi, tzNIC. Mwaka 2010 usimamizi wa .tz ukakabidhiwa rasmi kwa kituo hicho katika kumbukumbu za mzizi. Tangu kuandikishwa hadi kukabidhiwa ni miaka 15. Sijawahi kuona siku hiyo ikiadhimishwa, ingawa tunaadhimisha mengi madogo kuliko hilo.

Mwaka huo huo wa 2010, Bunge lilipitisha Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta. Hapa uhuru wa kuwa na jina letu uligeuka kuwa amri ya kulitumia. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa na kufikishwa katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Pamoja na tuhuma za kuzuia upelelezi, alishtakiwa kwa kuendesha tovuti isiyotumia kikoa cha .tz. Wanafunzi wangu wa sheria huwa wanacheka wanaposikia kwamba mtu aweza kushtakiwa kwa herufi za mwisho za anwani. Mimi sioni cha kuchekesha. Anayetunza daftari la juu anaweza kulifuta jina lililo chini yake kwa mstari mmoja, na lisilo chini yake hawezi. Dola ililijua hilo kabla ya sisi wananchi kulijua.

Kwa upande wa Serikali yenyewe, Wakala ya Serikali Mtandao iliundwa mwaka 2012, na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ikaigeuza kuwa Mamlaka. Kabla ya hapo barua pepe nyingi za ofisi za umma zilikuwa za kampuni za bure za kigeni. Ungeweza kupokea wito rasmi wa kikao kutoka kwenye anwani yenye jina la utani la karani na mwaka wake wa kuzaliwa. Mwaka 2017 mikoa na halmashauri zote zilizinduliwa tovuti zinazofanana, zilizojengwa kwa mfumo mmoja wa kitaifa kwa ushirikiano wa TAMISEMI, Wakala na mradi wa PS3 uliofadhiliwa na USAID. Ndipo Masasi na Newala zikapata majina yanayoeleweka mtandaoni. Naukubali mpango huo. Halmashauri yenye afisa TEHAMA mmoja au wawili haiwezi kulinda seva zake usiku na mchana, na huduma ya pamoja ni nafuu na salama zaidi kuliko 185 za kubahatisha.

Lakini angalia kilichoshuka na kilichobaki juu. Jina limeshuka hadi wilayani. Kazi ya kuweka habari na picha imeshuka hadi wilayani. Daftari la jina halikushuka. Na mambo yanayotegemea majina hayo si picha za mikutano tu. Tangu 2023 zabuni za umma hupita katika mfumo wa NeST, ulio chini ya go.tz. Katika msimu wa korosho wa 2024/2025 minada iliendeshwa kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, badala ya bahasha zilizozoeleka. Mkulima wa Newala aliyepeleka gunia lake kwenye chama cha msingi sasa bei yake inapita katika jina la kikoa, ajue asijue. Jina lisipojibika siku ya mnada, hasara haitaandikwa kwenye kompyuta, itaandikwa kwenye ada ya shule.

Watu wa uwanda huu, bahati nzuri, wana elimu yao ya kutafuta chanzo cha hitilafu, na wameipata kwenye maji. Juu ya uwanda hakuna mito. Udongo unanywa mvua yote, na kwa vizazi vingi wanawake walishuka mabondeni na kupanda tena na mitungi. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950, husukuma maji kutoka visima vya Mitema hadi juu, kisha yakagawanywa kwa matangi na mabomba. Koki ikikauka, mtu mzima wa Newala haanzi kwa kubadilisha koki. Anauliza: jirani anapata? Tangi lina maji? Pampu inafanya kazi? Umeme upo kwenye visima? Anapanda ngazi moja moja mpaka aikute iliyovunjika.

Hivyo ndivyo hitilafu ya jina inavyotafutwa, na sijui njia nyingine iliyo bora. Miaka michache iliyopita nilikuwa kusini kwa shughuli za utafiti, nikapita katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Ilikuwa na kikoa chake yenyewe na seva zake mbili za majina, zilizosimikwa na mkandarasi. Kwa wiki kadhaa barua pepe zilikuwa zinafika siku hii na kupotea siku ile. Mkuu wa ofisi alisema mtandao ni mbovu. Mhasibu alisema ni virusi. Fundi wa ofisi, kijana ambaye hakuwa na meza yake mwenyewe, aliniamkia, akanivutia kiti, akafungua kompyuta.

Aliandika kwanza namba ya seva ya tovuti badala ya jina. Ukurasa ukafunguka. “Mwalimu, mashine ni nzima,” akasema. “Tatizo liko kwenye jina.” Kisha akatumia programu ndogo iitwayo dig, akaiamuru ifuate njia yote kuanzia juu. Mzizi ukajibu. Daftari la tz likajibu, likasema majina ya ofisi hii yaulizwe kwa seva mbili, na likazitaja namba zake. Akaiuliza ya kwanza, ikajibu papo hapo. Akaiuliza ya pili, kimya. Akarudia. Kimya.

“Jina halijafa, Mwalimu. Limekufa nusu.”

Ilikuwa hivi. Miezi kadhaa nyuma ofisi ilibadilisha mtoa huduma wa intaneti, na seva ya pili ikapewa namba mpya. Ndani ya ofisi kila kitu kilisahihishwa. Daftari la juu halikuambiwa. Kwa hiyo kila aliyeuliza njia alipewa majina mawili, moja la aliye hai na moja la aliyehama bila kuaga. Waliobahatika kumuuliza wa kwanza walifika. Wengine walisubiri mpaka kompyuta zao zikakata tamaa, au zikajaribu tena. Na kwa kuwa kila kompyuta ya katikati hulihifadhi jibu kwa muda uliowekwa na mwenye daftari, mara nyingi saa 24, hitilafu haikuwa na ratiba. Ilionekana Mtwara leo, kesho Dodoma, keshokutwa haikuonekana popote. Hapo ndipo watu huanza kusema mtandao una mashetani.

Kijana aliona na jambo la pili. Alilinganisha namba ya toleo la daftari katika seva hiyo ya pili, akiifuata kwa anwani yake mpya, na ile ya kwanza. Mafundi wengi huiandika namba hiyo kwa kufuata tarehe: mwaka, mwezi, siku, kisha tarakimu mbili za mara ngapi daftari limeguswa siku hiyo. Ya pili ilikuwa nyuma kwa miezi mitatu. Ukuta wa usalama ulikuwa umeruhusu maswali mafupi, ambayo hupita kwa njia ya UDP kwenye mlango namba 53, lakini ukazuia TCP kwenye mlango huo huo, na nakala ya daftari zima husafiri kwa TCP. Hilo alilirekebisha mwenyewe kwa dakika kumi.

Lile la kwanza hakuweza. Kubadilisha mstari mmoja katika daftari la juu kulihitaji kupitia kwa msajili wa kikoa. Msajili alimtambua mtu mmoja tu, mkandarasi aliyesimika seva, ambaye mkataba wake ulikwisha na simu yake haikupokelewa. Kikoa cha ofisi, kwa maandishi, kilikuwa kinasimamiwa na mtu asiye wa ofisi. Ilibidi iandikwe barua, ipite kwa mkuu wa ofisi, mwanasheria aisome, ipigwe muhuri, isafiri. Kijana aliyejua ugonjwa na dawa hakuwa na saini. Wenye saini walikuwa bado wanaamini kuwa ni virusi. Nilimkumbuka mkulungwa na liwali.

Baadhi ya wasomaji watasema huo ni umaskini wa ofisi za pembezoni. Sikubaliani. Januari 2001 kampuni ya Microsoft, iliyokuwa miongoni mwa tajiri kuliko zote duniani, ilitoweka mtandaoni kwa karibu siku nzima. Seva zake zote za majina zilikuwa katika sehemu moja ya mtandao wake, na njia ya kuzifikia ilipoharibiwa na marekebisho yasiyo sahihi, zilizimika zote kwa pamoja. Wakati huo ulikuwepo waraka wa mwaka 1997 ulioshauri waziwazi kwamba seva za majina zitawanywe mbalimbali kijiografia. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook nayo, pamoja na WhatsApp na Instagram, ilipotea kwa takribani saa sita. Seva zake za majina zilikuwa nzima, ila hapakuwa na njia ya kuzifikia. Seva mbili katika chumba kimoja, kwenye soketi moja ya umeme, ni seva moja yenye majina mawili. Nimeziona katika ofisi kadhaa, zimepangwa juu ya meza moja kama mapacha.

Kwetu somo hilo lilifika Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa Afrika Kusini na Tanzania ikabaki na intaneti ya kuchechemea. Ndani ya nchi waya zilikuwa nzima. Mkongo wa Taifa haukukatika kwa ajali hiyo. Lakini fikiria taasisi ya Masasi ambayo tovuti yake iko katika kompyuta ya Dar es Salaam, huku seva za majina yake zikiwa Ulaya au Marekani kwa sababu mkandarasi alizipata bure huko. Anayeitafuta akiwa Newala lazima kwanza aulize ng'ambo njia ya kwenda Dar es Salaam. Ng'ambo pasipofikika, hafiki, ingawa anachokitafuta kiko ndani ya nchi yake. Tulitumia miaka 15 kulirudisha daftari la tz nyumbani, kisha wengi wetu tukayapeleka madaftari yetu madogo nje kwa ridhaa yetu. Si lazima zote ziwe ndani, wala si busara. Moja ndani na moja nje, katika mitandao tofauti, ingetosha.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mipango hawalizungumzi. Majina ya utawala huku kusini hayakai. Tandahimba ilikatwa kutoka Newala katika miaka ya 1990. Nanyumbu ikakatwa kutoka Masasi katika muongo uliofuata. Kisha miji ikatengwa na wilaya, ndiyo maana leo kuna dc na tc. Kila mgawanyo wa wilaya ni mgawanyo wa daftari. Ofisi mpya hupewa gari, muhuri na samani, na kuna kamati ya kugawana madeni. Kuhusu jina la mtandaoni ningeshauri watendaji wafanye kama wanavyofanya kwa mali nyingine: waandike nani anarithi, jina la zamani litaelekeza wapi na kwa muda gani. Siku moja au mbili kabla ya kuhama wapunguze muda wa majibu kuhifadhiwa, kutoka saa 24 hadi dakika tano hivi, ili makosa ya siku ya kuhama yasikae kwenye kumbukumbu za watu mpaka kesho yake. Ni kazi ya mstari mmoja, na haina posho, labda ndiyo sababu husahaulika.

Kwa wanaharakati nina ombi dogo. Mnapokwenda kwenye vikao vya mabaraza ya madiwani kuuliza kuhusu madawati na zahanati, ulizeni pia kuhusu daftari. Si lazima mjue dig ni nini. Ulizeni kikoa kimeandikishwa kwa jina la nani, kwa cheo au kwa mtu binafsi. Kinaisha muda lini, na nani hulipia. Seva zake ziko wapi, na kama ziko mbili, je, ziko katika majengo mawili? Nani mwenye nywila, na akihamishwa kituo kesho atamkabidhi nani mbele ya shahidi gani? Maswali hayo matano yanaenea katika ukurasa mmoja. Ukurasa huo nimewahi kuuomba katika ofisi tatu. Mbili zilinielekeza kwa mkandarasi. Ya tatu walinionyesha. Ulikuwa umeandikwa kwa penseli nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, na kijana wa ofisi alikuwa ameificha droo ya chini ili isitupwe.